Jina Lilelile, Kadi Nyingine

Radi ilipiga chuoni Jumamosi mchana, mimi nikiwa peke yangu katika chumba cha kompyuta. Sikuiona. Nilisikia mlio mkavu kama wa ubao unaovunjwa, taa zikazimika, na vinyweleo vya mikono vikanisimama. Umeme uliporudi niliwasha seva. Iliamka vizuri, ikahesabu kumbukumbu yake, ikasoma diski yake, kisha ikapita kimya mahali ambapo siku zote iliandika mstari mmoja kuhusu kadi ya mtandao. Nilijua papo hapo: kadi ile, iliyoiunganisha seva na kompyuta nyingine, imeungua. Waya uliotoka ofisini kuja kwenye chumba cha kompyuta ulipita juu ya paa, wazi kabisa, na mimi ndiye niliyesema hauna haja ya kufukiwa.

Kilikuwa chuo kidogo cha kanisa pembeni mwa Voi, kikifundisha uhazili, useremala na umeme. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikakaa nyumbani Mghange miezi minane nikipalilia mahindi na kubishana na baba kuhusu kila kitu, kuanzia mbolea hadi Mungu, ndipo nikapata kazi hii kwa majaribio ya miezi sita. Nilikuwa katika mwezi wa tano.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya kawaida niliyoitia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwa CD ya kunakili. Niliipigania. Mkuu wa chuo, mama wa kutoka bara aliyekaa Voi miaka mingi, alitaka Windows kama vyuo vingine. Nilimwambia asikubali kitu kwa sababu tu kila mtu anacho. Alinitazama juu ya miwani yake, akasema sawa, lakini siku itakapoanguka tutajua ni ya nani. Mama yule hakuwahi kupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtu anayepiga kelele unaweza kukadiria hasira yake imefika wapi.

Tatizo la Linux siku zile lilikuwa kadi. Windows ilikubali karibu kadi yoyote, kwa kuwa ndani ya kila sanduku mlikuwa na disketi yake. Linux ilikubali tu kadi ambayo mtu fulani mahali fulani alikuwa amekaa akaiandikia programu ya kuiendesha, na mtu huyo alijali chip iliyobandikwa kwenye kadi, si jina lililoandikwa kwenye sanduku. Haya nayaeleza kwa urahisi sasa. Wakati ule nilikuwa na orodha. Karatasi kumi na mbili nilizochapisha chuo kikuu, zenye majina ya kadi zinazokubaliwa. Mimi niliyekuwa nikimuuliza padri maswali katikati ya mafundisho, niliyekataa kuamini magazeti na wahadhiri, sikuwahi kuiuliza orodha ile iliandikwa lini. Nilichagua kadi iliyosifiwa zaidi, ya jina lile lile la iliyoungua, na kuomba kadi sita: moja ya seva, na tano za kompyuta mpya tulizopewa na wafadhili. Wanafunzi wa uhazili walikuwa na mtihani wa vitendo wiki mbili mbele, na kazi zao zote zilikuwa ndani ya seva.

Aliyetumwa Mombasa alikuwa dereva wa chuo, mzee wa Kiislamu ambaye familia yake ilifika Voi pamoja na reli na haikuondoka tena. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya msikiti. Jumapili alikuwa amenishikia tochi nilipoichomoa kadi iliyoungua, akaitazama kwa makini kuliko nilivyoitazama mimi. Jumatatu asubuhi alikuja akanyoosha mkono.

“Nipe ile mbovu, niende nayo.”

Ndivyo watu wa Voi wanavyonunua vipuri. Hakuna anayekwenda Mombasa mikono mitupu. Mtu hubeba springi iliyokatika, gasketi iliyopasuka, hata kifuniko cha sufuria, akakiweka juu ya kaunta na kusema nataka kama hii. Nilicheka. Nilimweleza kwamba kompyuta si lori, na kwamba kadi mbili zinaweza kufanana sura zisifanane kazi. Hilo lilikuwa kweli. Sababu ya pili sikuisema. Kitu chochote kilichotoka getini kilihitaji karatasi iliyotiwa sahihi na mkuu, na sikutaka mkuu aishike kadi ile yenye doa jeusi na kuniuliza radi ilipitia wapi. Kwa hiyo nikamwandikia jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Aliikunja akaitia mfukoni.

Jumanne kabla ya saa sita niliitwa kwenye simu ya ofisi. Alikuwa yeye, sauti yake ikija na kupotea.

“Mwanangu, nimezipata. Jina ndilo hili hili uloandika. Lakini uso wake si ule.”

“Uso gani, mzee?”

“Ile yako ilikuwa na mdudu mmoja mkubwa katikati. Hii mdudu wake mdogo, yuko pembeni. Nimemuuliza mwenye duka, asema ndizo zilizopo.”

“Jina ni hilo?”

“Jina ni hilo.”

“Basi nunua, mzee. Hii si springi.”

Nyuma yake nilisikia watu wakibishana juu ya bei.

“Haya. Wewe ndiye uliyesoma.”

Karani wa ofisi alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Hakuna mwingine aliyesikia mazungumzo hayo upande wangu. Wakati huo sikuona kwamba hilo lina maana yoyote.

Jumatano niliingiza kadi moja katika seva. Haikuonekana kabisa. Nikajaribu ya pili, ya tatu, zote sita, katika kila nafasi. Katika zile kompyuta mpya, zilizokuja na Windows, zilifanya kazi bila shida, na hilo ndilo lililonitoa jasho, maana kadi mbovu ina udhuru wake. Wanafunzi walikuwa wamevua viatu mlangoni, kama kawaida kwa ajili ya lile vumbi letu jekundu, wakasimama na soksi wakinitazama. Niliwaambia waende wakarudie kupiga chapa kwa mashine za zamani. Niliisoma orodha yangu tena kutoka mwanzo. Jina lilikuwepo. Nikaitoa ile iliyoungua kwenye droo na kuilaza kando ya mpya, na nikaona alichokiona mzee kule dukani: chip moja kubwa katikati, na nyingine, ndogo, pembeni, yenye nambari tofauti kabisa.

Saa nne mkuu alikuja. Alivua viatu kama kila mtu. Nilisikia hatua zake laini sakafuni kabla sijageuka.

Aliuliza kuna nini. Nilimwambia, “Madam, hizi sizo nilizoagiza. Jina ni lake, lakini ndani ni nyingine.”

Kila neno lilikuwa kweli. Nimeitafakari sentensi hiyo kwa miaka na bado siwezi kuonyesha uongo ndani yake. Lakini nilijua ilikokuwa inaelekea. Mwaka uliotangulia chuo kilinunua kipuri cha pampu ya maji, kikavunjika baada ya wiki mbili, ikaonekana kilikuwa bandia chenye kibandiko cha kweli. Dereva aliyekileta alifukuzwa. Mkuu aliigeuza kadi mkononi, akaitazama pande zote mbili kana kwamba angeweza kuisoma.

“Kwa hiyo tumeletewa bandia,” alisema.

Nilisema siwezi kuthibitisha. Alichukua kadi, akavaa viatu, akaenda.

Alirudi baada ya nusu saa. Safari hii hakuvua viatu. Alisimama kizingitini. Alisema dereva anadai alinipigia simu kutoka dukani akanieleza kwamba kadi ni tofauti. Je, ni kweli?

Nilikuwa na sekunde mbili, labda tatu. Niliwaza mwezi wa tano wa majaribio. Niliwaza Mghange, na jinsi baba angeninyamazia. Nikawaza waya wangu juu ya paa, Linux yangu, orodha yangu, vyote vikipangwa juu ya meza yake kimoja kimoja.

“Alipiga,” nilisema. “Kusema amefika dukani.”

“Hakusema habari ya tofauti?”

“Simu ilikuwa na kelele, Madam. Sikumbuki.”

Aliniamini. Hilo ndilo lililoniogopesha mara ya kwanza kweli kweli, kuona ilivyo rahisi. Mimi nilikuwa na digrii, yule alikuwa na leseni ya kuendesha gari. Adhuhuri dereva alinyang'anywa funguo, kwa tuhuma ya kununua bandia na kula pesa iliyobaki. Akaambiwa aje kila siku akae kwenye benchi la getini mpaka bodi ya chuo ikutane Jumatatu kuamua. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na mtu aliyefukuzwa kwa wizi Voi hapati gari lingine la kuendesha. Mji ni mdogo. Kila mwenye gari anamjua kila mwenye leseni.

Benchi lile lilikuwa mahali ambapo lazima nipite. Alhamisi asubuhi nilichelewa kwa makusudi nikidhani atakuwa ameingia jikoni kunywa chai. Alikuwepo. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi kama mtu anayekwenda kazini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote, nami nikaharakisha. Aliniita.

“Mwanangu. Mimi simu ile naikumbuka. Wewe je?”

Mlinzi alikuwa hapo karibu akifungua geti. Nilisema kwamba simu ilikuwa na kelele. Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, kama mtu anayepokea chenji pungufu na kuamua kutoihesabu mbele ya watu.

Nikajiambia yawezekana duka ndilo lenye makosa. Kama duka liliuza bandia, basi mzee hana hatia na mimi sina hatia, na wote wawili tutalilaumu duka. Nililitaka hilo liwe kweli kwa nguvu ambayo sijawahi kutakia jambo lolote liwe kweli. Saa ya chakula nilikwenda posta, nikaingia kwenye kibanda cha simu na kupiga Mombasa kwa nambari iliyokuwa kwenye risiti.

Mwenye duka alikuwa mchangamfu. Alisema kadi si bandia hata kidogo. Kampuni imebadilisha chip ya ndani, jina wameliacha. Kila anayeuza kadi hizo mwaka huu anauza hizo. “Geuza sanduku, bwana. Chini kabisa kuna herufi ndogo na namba mbili.” Halafu akacheka. “Lakini mzee wenu alikwambia, si alikwambia? Alisimama hapa hapa kwa simu yangu. Si wewe uliyemwambia habari ya springi? Alinisimulia mwenyewe.”

Nilikata simu. Sikuaga. Nilisimama ndani ya kibanda kile chenye joto na mkono wa simu ukining'inia, na mwanamke aliyekuwa akisubiri nje akagonga kioo kwa sarafu. Kwa hiyo kulikuwa na shahidi. Mkuu alihitaji tu kufikiria kupiga nambari ile ile. Hakuwa amefikiria bado. Tangu saa hiyo kila simu ilipolia ofisini niliisikia mgongoni.

Niliporudi niligeuza sanduku. Herufi ndogo na namba mbili zilikuwepo.

Sasa nieleze hesabu ya woga, maana woga una akili sana. Nilimpigia rafiki yangu aliyebaki chuo kikuu Nairobi kama msaidizi wa maabara. Aliijua chip ile mpya. Alisema kuna mtu tayari ameiandikia programu, na atanitilia kwenye disketi na kuituma kwa basi. Nikaona mlango. Disketi ikifika, kadi zitaonekana kwenye seva. Zikionekana, si bandia. Zisipokuwa bandia hakuna kosa, na bodi haitakuwa na la kuamua Jumatatu. Mzee atarudishiwa funguo, nami sitalazimika kusema neno lolote. Nilikuwa natafuta kadi inayolingana na seva, na wakati huo huo natafuta ukweli unaolingana na kazi yangu.

Ijumaa ilipita hivyo. Saa ya swala mzee aliomba ruhusa kwa mlinzi, akaenda msikitini, akarudi kwenye benchi lake. Niliona kwa dirisha. Walimu walikuwa wameanza kupita mbali naye. Mwalimu wa useremala, mtu mzuri, aliniuliza kwenye chai kama ni kweli mzee alikuwa na binamu anayeuza vitu vya elektroniki Mombasa. Nilisema sijui. Kufikia jioni nilisikia habari ya binamu huyo kutoka kwa watu wengine wawili, na sasa alikuwa na duka lenye jina.

Jumamosi nilisubiri basi barabara kuu tangu saa tatu. Lilifika saa saba. Kondakta aliitoa bahasha juu ya dashibodi, mahali ambapo jua la kutoka Nairobi hadi Voi lilikuwa limeipika njia nzima. Nilikimbia hadi chuoni. Nilivua viatu bila kufungua kamba. Seva iliivuta disketi ile, ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kisha ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Nikaifuta kwa shati, nikaijaribu katika kila kompyuta chumbani. Zote zilikwaruza. Nilikaa sakafuni. Nakumbuka nilisema kwa sauti, peke yangu, “Tafadhali,” na sikujua namwambia nani, mimi ambaye nilikuwa nimemthibitishia baba kwa hoja sita kwamba hakuna wa kuambiwa.

Rafiki yangu alituma disketi nyingine wiki iliyofuata, ndani ya mkebe wa biskuti, na kadi zote sita zikakubali kwa dakika ishirini. Lakini hiyo ni wiki iliyofuata.

Jumatatu saa tatu kasorobo nilibisha mlango wa mkuu. Bodi ilikuwa ianze saa tatu. Nilikuwa nimejipanga maneno, maneno mazuri, ya kueleza tofauti ya chip na jina na jinsi watengenezaji wanavyowadanganya wanunuzi. Nilipoingia yote yalitoka kichwani.

“Madam, mzee alinipigia. Alinieleza kwamba kadi ni tofauti. Mimi ndiye niliyemwambia anunue.”

Alivua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na yenye uchovu.

“Jumatano nilikuuliza.”

“Ndiyo.”

“Ukasema hukumbuki.”

“Nilikumbuka.”

Nje kwenye veranda nilisikia wajumbe wa bodi wakifika na kuulizana habari za mvua.

“Niliogopa,” nilisema.

“Kadi ni bandia?”

“Hapana. Ni mpya kuliko orodha yangu.”

Aliandika kitu kwenye faili iliyokuwa mbele yake. Mstari mmoja, mfupi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote, kwamba nitaingia pamoja naye kwenye bodi na kuyasema hayo mbele ya dereva, neno kwa neno, na nisiongeze habari ya kompyuta.

Niliyasema. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Mzee alikuwa upande wa pili amevaa kanzu. Aliutazama mkono wangu ulioshika meza, hakunitazama usoni. Walimrudishia funguo zake papo hapo. Mimi niliongezewa miezi sita ya majaribio na barua ya onyo, na mkuu akaagiza waya ufukiwe. Nilichimba mtaro ule mwenyewe.

Watu wamewahi kuniambia nilikuwa jasiri. Nimejiuliza sana, maana kujiuliza ndiyo tabia yangu. Sijui kama nilisema kwa ajili ya mzee au kwa ajili ya mwenye duka la Mombasa, ambaye simu yake ingeweza kulia wakati wowote. Kama disketi ingesomeka Jumamosi, nadhani ningenyamaza. Hilo silipendi, lakini ndivyo ninavyodhani.

Baada ya kikao nilimfuata mzee hadi kwenye gari. Alikuwa akikagua maji ya rejeta. Nilimwomba msamaha. Alifunga kifuniko, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

“Mimi nimekwishakusikia mle ndani,” alisema. “Lakini nyumbani nina mke aliyeambiwa sokoni kwamba mumewe ni mwizi. Siku nne hajatoka nje. Huyo hakuwamo kwenye bodi.”

Nilimwomba twende pamoja jioni. Alisema hapana, yeye ana safari ya kuchukua mbao Taveta, na mimi miguu ninayo.

Nilitembea hadi nyuma ya msikiti mchana ule ule, maana nilijijua, ningengoja jioni nisingekwenda. Watoto walinionyesha mlango. Nilisimama mbele yake nikiwa na hofu kubwa kuliko ile ya ofisini, kwa sababu kwa mkuu nilijua nini kinaweza kunipata. Pazia lilikuwa limeshushwa. Ndani kulikuwa na sauti ya kinu, mtu akitwanga kitu polepole.

Nilipiga hodi. Kutwanga kukakoma. Sauti ya mwanamke ikaniambia karibu, ingia, kabla hajajua ni nani.